Maganda ya Macho Mawili

Wiki tisa za kwanza za ziara ya mama mkwe nilikula chakula changu cha jioni gereji. Sikufukuzwa na mtu. Nilijifukuza mwenyewe kwa heshima. Kwao mke wangu, huko bara, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno likibidi kusemwa hupitia kwa mtu wa tatu. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mama mkwe unamwamkia, unamwuliza habari za mguu wake, maisha yanaendelea. Lakini ukioa umeoa na desturi, huwezi kuchagua minofu ukaacha mifupa. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, nilichokijua kwa mama huyu ni visigino vyake na khanga zake.

Desturi ile ilitungwa na watu wenye boma lenye nyumba nne. Nyumba yetu ya huku ughaibuni, Penrith, ina ua mkubwa wa kukata majani kila Jumamosi, lakini ndani ina sebule moja na ukumbi mwembamba. Mama alikuwa akikohoa kabla ya kutoka bafuni, ili nijue nikimbie. Mimi nilikohoa kabla ya kuingia jikoni. Asubuhi moja tulikoholeana hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akingoja mwenzake atoke, mpaka mke wangu, ambaye ni muuguzi, akauliza kama atupime vifua.

Kwa hiyo nikahamia gereji. Huko kulikuwa na mashine ya kufulia upande mmoja, na upande wa pili meza yangu ya kazi.

Hapa lazima niseme mapema, maana nikichelewa kusema watu hufikiria vibaya: mimi hulenga shabaha kwa bastola. Kwetu mwenye bastola ni polisi, jambazi au mheshimiwa. Hapa ni mchezo wa wazee wenye magoti mabovu, wanaosimama mstari mmoja Jumamosi na kutoboa karatasi, kisha wanakunywa chai na kulalamikia baraza la mji. Rafiki yangu mmoja, fundi umeme wa kwenye ghala ninapofanya kazi kule Wetherill Park, ndiye aliyenipeleka. Kuna leseni, kuna makabati ya chuma yaliyofungwa kwa bolti sakafuni, na kuna askari anayekuja kuzitikisa bolti zenyewe kuona kama zinacheza. Bastola yangu ni ya zamani, ya saizi ambayo risasi zake maduka huziagiza yakikumbuka. Wenye bastola za namna hiyo hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, kwa kutumia tena maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa.

Kazi yenyewe ukiisikia utadhani unaweza kuifanya umelala. Chini ya kila ganda kuna fataki, kikopo kidogo kama punje ya dengu, ambacho nyundo ya bastola hukigonga. Kikishapigwa kimekufa, na lazima kitoke ndipo uweke kipya. Kuna mashine ya mkono, ya chuma, imefungwa mezani. Unaweka ganda, unavuta mkono chini, sindano ya chuma inaingia kwa mdomo wa ganda, inapita kwenye tundu dogo la chini, inaisukuma fataki nje, nayo inaanguka kwenye kopo. Ganda linalofuata.

Kwangu mimi la kwanza lilitoka vizuri. La pili likatoka. La tatu sindano ikakunjika kama msumari ulioguswa na nyundo ya mlevi.

Nikabadilisha sindano. Ya pili ikavunjika kabisa na kipande kikabaki ndani. Ya tatu ilifanya maganda thelathini, nikaanza kupiga mluzi, ikavunjika. Mara nyingine fataki ilitoka nusu, kisha mkono ukipanda inafuatana na sindano na kurudi mahali pake, kama mpangaji aliyesahau mwavuli. Nikapaka mafuta. Nikakaza kila kilichokazika. Nikatazama video za wazee wa nchi za mbali wenye ndevu wakifanya kazi hiyohiyo huku wanapiga soga. Mimi nina hasira za karibu, na hasira za mkizi furaha ya mvuvi: nadhani mtengenezaji wa sindano zile alifurahi sana mwezi ule.

Kumuuliza rafiki yangu fundi umeme sikutaka. Yeye ndiye aliyenipatia ndoo mbili za maganda mchanganyiko, zilizoachwa na mwanachama mmoja aliyestaafu mchezo, na nilikuwa nimemwambia kwa sauti kubwa kwamba nitazimaliza kwa wiki moja.

Jioni moja katika wiki ya tisa, nikiwa nimeinama chini ya meza natafuta ncha ya sindano, mama mkwe aliingia na kapu la nguo. Hakukohoa, maana hakujua kama nimo. Nikabaki chini ya meza. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, kwa magoti na mikono, anajificha kwenye gereji anayoilipia kodi.

"Hujambo, mwanangu," alisema mama.

Nusura niitike. Kisha nikasikia mfuniko ukifunguliwa, na nikaelewa kwamba anaiamkia mashine ya kufulia.

"Umeshindaje leo? Mimi nimeshinda vibaya. Huyu binti yangu yuko kazini mpaka usiku. Mjukuu nikimwita ananiambia I'm busy, Bibi. Jirani ananipungia mkono na kuingia ndani. Huyo bwana hatuwezi kusemezana. Wewe peke yako ndiye ukiguswa unaitika." Akabonyeza kitufe, na mashine ikaitika. "Basi nikuage mapema. Tiketi yangu ni Jumapili ile ya wiki tatu zijazo, nami nitaondoka nayo. Anataka niongeze miezi mitatu, viza inaruhusu. Miezi mitatu niongee na nani?"

Mke wangu alikuwa akimbembeleza mama yake abaki tangu siku aliposhuka uwanja wa ndege. Hakuwa amekaa na mama yake nyumba moja tangu aende shule ya bweni. Watu wa ndege walikuwa wamesema tiketi inaweza kubadilishwa mpaka Ijumaa ya kabla ya safari, si zaidi, na tarehe hiyo aliibandika kwenye friji kwa sumaku. Kila asubuhi nilimwona akiitazama kabla ya kunywa chai.

Mimi nilifurahi. Nasema ukweli, kwa kuwa nimekwisha kusema kwamba nilikuwa chini ya meza na sina heshima ya kulinda. Nilihesabu wiki tatu kwa vidole na kufikiria sebule yangu.

Siku mbili baadaye nilikuwa gereji, zamu yangu imeisha mapema, na mama akakohoa mlangoni. Nikageukia ukuta kama ilivyo ada, naye akageukia mashine. Tulikuwa tumefika hapo: tuliweza kuwa gereji moja mradi tupeane migongo. Akaweka nguo.

"Mchele," aliiambia mashine. "Ndoo nzima ya mchele imekaa gereji, na mimi jana nimeambiwa mchele umekwisha."

Nikajua ni ndoo gani. Maganda ya shaba husafishwa kwanza kwenye pipa dogo linalozunguka kwa umeme, ndani umeweka magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yanayouzwa dukani kwa kazi hiyo. Watu kule klabu ya shabaha walisema hata mchele unafaa. Mimi nikaenda Auburn, kwenye duka ninakonunua nyama, nikachukua gunia la chenga, zile punje zilizovunjika, kwa kuwa niliona ni ujinga kuoshea vyuma mchele wa pishori. Chenga zilisafisha vizuri sana. Maganda yaling'aa kama meno ya bwana harusi, na chenga zikabaki za kijivu, zimejaa vumbi la sumu ya risasi.

Nikasikia mshikio wa ndoo ukilia. Mama ameinyanyua. "Ni mchafu kidogo," alisema, "lakini ukioshwa maji matatu unatoa vitumbua."

Mke wangu alikuwa kazini. Binti yetu alikuwa shule. Kumzuia mama mlangoni ilikuwa mwiko, kumwita ilikuwa mwiko, na kumwacha aende ilikuwa kuiangamiza familia kwa vitumbua. Nilifungua mdomo na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu aliyekanyagwa.

"Ewe mashine ya kufulia," nikasema.

Mshikio ukanyamaza.

"Mashine, tafadhali mwambie mama kwamba mchele huo umeoshea maganda ya risasi. Una sumu. Ukipikwa tutalazwa sote, na muuguzi atakuwa mwanawe."

Ndoo ikatuliwa chini polepole.

"Mashine," alisema mama, "hebu muulize. Nani amemfundisha kuoshea chuma kwa chakula?"

"Mwambie ni watu wa klabu."

"Muulize watu hao wana mama zao?"

Nikasema wanao, lakini ni wazee sana. Akaguna. Nikadhani yameisha, ila yeye alikuwa amekaa wiki tisa na maswali yake. "Na muulize kwa nini kila jioni anakitukana hicho chuma cha mezani. Sauti inafika mpaka chumbani kwangu, na matusi mengine ni ya Tanga, siyajui, nabaki nayakisia."

Nilitaka kufa. Lakini mficha uchi hazai, na nilikuwa nimeficha ugonjwa wangu vya kutosha. Nikaieleza mashine ya kufulia kila kitu: fataki, sindano, tundu, jinsi nilivyovunja sindano saba. Mama akauliza kama chenga haziwezi kuwa zimekwama kwenye tundu. Nikachukua ganda, nikachungulia kwenye mwanga wa dirisha, na kweli, punje ilikuwa imejibana mlemle ndani. Nikachokonoa mengi kwa kijiti cha meno usiku ule na fataki zikaanza kutoka. Nikajiona daktari bingwa. Kesho yake sindano ya nane ikavunjika kwenye ganda lisilo na chenga hata moja.

"Mashine, mwambie amimine kwenye ungo nitazame," alisema mama nilipoleta taarifa.

Ungo ule alikuwa amekuja nao kama zawadi kwa mwanawe. Pale uwanja wa ndege afisa aliunusa, akaugeuza, akaupiga mwanga wa tochi, akamwita mwenzake naye aunuse, na ukaruhusiwa. Mke wangu aliporudi na kutukuta, mimi nimekabili ukuta, mama amekabili mashine, katikati ungo umejaa shaba, alisimama mlangoni na viatu vya kazi mkononi.

"Nani anaongea na nani?" aliuliza.

"Naongea na mashine," tulijibu wote wawili.

Akavuta pumzi. "Miaka kumi na mmoja nimekuwa posta yenu. Mama kasema, baba kasema. Leo nimestaafu." Akaleta glovu na barakoa, akatoa amri: hakuna kula gereji, mikono inaoshwa mpaka kwenye viwiko, na ungo ukishaingia hapa haurudi jikoni tena mpaka kiama.

"Basi ungo na uolewe huku," alisema mama, akavaa glovu.

Nimewaona watu wakikagua bidhaa kwa miwani maalumu na taa, na wanalipwa. Sijaona mtu akikagua kama mama yule. Amechambua mchele kwa zaidi ya miaka sitini, na jiwe likimpita mezani kwake watu watamkumbushia kwenye matanga. Alipeta, akatikisa, akainamisha ungo, vidole vikaanza kutembea. Kila ganda alilichungulia kwa ndani, jambo ambalo mimi, fundi mkuu, sikuwahi kulifanya isipokuwa kutafuta chenga. Robo saa haikupita.

"Mashine, mwambie haya si ndugu."

"Si ndugu vipi?"

"Haya yana jicho moja chini, katikati. Haya mengine yana macho mawili, madogo, pembeni pembeni."

Akayasukuma mafungu mawili juu ya mfuniko wa mashine na kurudi nyuma. Nikasogea kinyumenyume, nikayachukua, nikatazama. Ilikuwa kweli. Nikampigia rafiki yangu fundi umeme, nikameza kiburi changu chote pamoja na sindano nane. Alicheka mpaka akaiweka simu chini, nikamsikia akicheka kwa mbali. Alisema, maganda yale ya matundu mawili ni ya mtindo mwingine wa utengenezaji. Sindano yetu inashuka katikati, inakuta ukuta badala ya tundu, inavunjika. Hayatolewi fataki kwa mashine kama yangu, ni ya kutupa kwenye chuma chakavu. Akauliza nimegunduaje.

"Mama mkwe," nikasema.

"Mchukulie leseni," akasema.

Kuanzia hapo kila siku baada ya kazi mama alikuwa gereji ananisubiri. Aliweka makopo matatu. La kwanza, wenye jicho moja. La pili, wenye macho mawili, aliowaita wachawi. La tatu, wagonjwa, yaani waliobonyea au wenye chenga kooni. "Mashine, mwambie wachawi leo ni wengi." Mimi nilivuta mkono wa chuma, fataki ziliangukia kopo moja baada ya nyingine, na sindano ya tisa haikuvunjika. Kati ya fungu na fungu tuliisimulia mashine mambo. Iliambiwa jinsi mama alivyomwogopa mama mkwe wake mwenyewe mpaka akapanda juu ya dari siku moja na kulala huko. Iliambiwa bei ya mchele wa huku na ujinga wangu mimi. Nami niliisimulia mambo ya ghalani, jinsi kifaa cha sikioni kinavyoniambia nenda kushoto, chukua mbili, nenda kulia, na siku nzima hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani. "Mpe pole," aliiambia mashine. Mashine ikikamua nguo kwa kishindo tulinyamaza kwa adabu tukingoja imalize.

Nilianza kutoka kazini bila kusimama dukani. Sikujiuliza kwa nini.

Alhamisi ya wiki ya mwisho ndoo zilionyesha matako. Mama alimimina konzi ya mwisho, akaichambua, akang'uta ungo na kuuegemeza ukutani. "Imekwisha," alisema, na hakusema na nani. Usiku mezani, nikiwa ukumbini nimebeba sahani yangu, nilimsikia mke wangu akimwomba tena.

"Mwanangu, kazi imeisha," mama alimjibu. "Nikae nifanye nini, nihesabu kuta? Jumapili ni Jumapili."

Nilisikia bomba likifunguliwa, mke wangu akaosha chombo kimoja kwa muda mrefu sana. Nilisimama pale na sahani ikapoa. Ile furaha yangu ya chini ya meza niliitafuta sikuiona. Niliona aibu, na niliona gereji yangu ya Jumatatu, kimya, na mimi peke yangu mbele ya ukuta bila sababu ya kuukabili.

Ijumaa nilikuwa na zamu ya mchana. Asubuhi, mke wangu akiwa sebuleni na simu sikioni anapigiwa muziki na watu wa ndege, niliingia gereji nikafunga mlango. Nikachukua kopo la wenye jicho moja, kazi yote ambayo haijapita kwenye mashine ya mkono, nikalimwaga kwenye ndoo. Nikachukua wachawi, nikawamwaga juu yao. Nikaongeza wagonjwa. Kelele ilikuwa ya mvua kwenye bati. Nikatia mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko nikakoroga, nikakoroga tena, kama mtu anayesonga ugali wa msiba.

Mama alikohoa mlangoni. Nikageukia ukuta.

Alivaa barakoa, akavaa glovu. Nikasikia konzi moja ikimwagwa kwenye ungo, ungo ukatikiswa, kisha ukasimama. Maganda yale alikuwa ameyapitia yote, moja moja, kwa vidole vyake, na mtu hawezi kusahau mchele aliokwisha kuuchambua. Nikangoja aiambie mashine. Nilikuwa nimetayarisha na uongo kuhusu paka wa jirani.

Mashine haikuambiwa kitu.

"Baba," alisema mama, na sauti ilinijia moja kwa moja kisogoni. "Hapo ulipo hapana mwanga. Leta kiti chako huku tuchambue wote."

Nikageuka. Mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kumtazama mama mkwe wangu, na barakoa imemfunika uso mpaka chini ya macho. Macho hayo yalikuwa yananicheka. Nikaleta kiti, nikakaa, magoti yangu yakagusa ukingo wa ungo upande wangu na yake upande wake.

Mke wangu akafungua mlango, simu mkononi. "Mama, watu wa ndege wako hewani. Wanataka jibu la mwisho."

"Waambie kazi imeharibika," alisema mama bila kuinua kichwa. "Inaanza upya. Miezi mitatu, na kama huyu hajajifunza, waongeze."

Mke wangu alitutazama, akautazama ungo, akaitazama ndoo. Kisha akakaa kwenye ngazi ya gereji akalia, na simu ikawa inauliza peke yake hallo, hallo.